HESABU ZA MWENDO NA HISTORIA YAKE PWANI YETU



Katika jarida la Ramadhani umezoea kusoma juu ya saumu, zaka na futari. Naomba nafasi kidogo nizungumze nawe juu ya somo ambalo vijana wetu wengi hulikimbia: fizikia, na hasa mlango wake wa kwanza, yaani hesabu za mwendo. Usigeuze ukurasa bado. Hata kama wewe ni mama wa nyumbani ama mzee uliyeacha skuli zamani, kuna jambo humu linalokuhusu, na mwisho wa makala utaliona.

Swali lenyewe walijua. "Gari limetoka Malindi saa mbili kamili asubuhi, likaenda kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa..." Mwanafunzi akilisoma hushika kalamu na kuanza kutafuta fomula, kama mtu anayepapasa ufunguo gizani. Akibahatisha, afurahi. Akikosa, husema, "Fizikia si yetu sisi, ina wenyewe." Neno hilo la "wenyewe" ndilo lililonifanya niandike. Hao wenyewe ni kina nani? Hebu tuifuate historia, mimi na wewe, tuone inatupeleka wapi.

MASWALI MANNE KABLA YA FOMULA

Kabla ya historia, shika jambo moja. Hesabu yoyote ya mwendo, iwe ya baiskeli au ya sayari, huanza kwa maswali manne. La kwanza: unapima kutoka wapi? La pili: kitu chaelekea upande gani? La tatu: ni muda gani umepita? La nne: je, kasi yabaki ile ile ama yabadilika? Aliyejibu maswali haya manne kwa maneno ya kawaida ameshamaliza kazi kubwa. Fomula huja baadaye, na aghalabu huja yenyewe.

Tuchukue mfano wa kwetu. Mimi ni mtu wa Jilore. Kwa asiyepajua, Jilore iko bara ya Malindi, upande wa magharibi, karibu na mto Sabaki, na msitu wa Arabuko-Sokoke hauko mbali nasi. Kutoka kwetu hadi Malindi mjini tuseme ni kilomita 20, ili hesabu iwe nyepesi. Bodaboda inakwenda Malindi kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa. Wakati wa kurudi mvua imenyesha, njia ina tope, basi inarudi kwa kilomita 20 kwa saa. Je, wastani wa kasi yake kwa safari nzima ni ngapi?

Wengi watajibu mbio mbio: 40 na 20 ni 60, gawanya kwa mbili, jibu ni 30. Si kweli. Uliza swali la tatu, la muda. Kwenda kumechukua nusu saa. Kurudi kumechukua saa nzima. Jumla ni saa moja na nusu, na njia iliyopitwa ni kilomita 40. Gawanya 40 kwa moja na nusu, utapata kilomita 26.7 kwa saa. Mbona imepungua? Kwa sababu dereva alikaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo wa polepole kuliko kwenye mwendo wa haraka. Wastani hauhesabu kasi pekee, wahesabu pia umekaa nayo kwa muda gani.

Sasa uliza swali la kwanza na la pili. Mwisho wa safari bodaboda iko umbali gani kutoka nyumbani? Sufuri, manake imerudi pale pale. Imetembea kilomita 40 na haijasogea hata hatua moja. Kwa hiyo kuna vitu viwili tofauti: njia uliyoipita, na umbali wa moja kwa moja kutoka ulipoanzia hadi ulipo sasa, pamoja na upande wake. Ukivichanganya, hesabu yote imeharibika. Na ukitaka kuona vitu hivi viwili vikiachana kwa maelfu ya kilomita, tutoke Jilore tuteremke baharini.

SAFARI MBILI ZA BAHARI MOJA

Katikati ya mwezi wa Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilifika Malindi. Mfalme wa Malindi alimpokea vizuri, akampa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Hapa inabidi tusimame kidogo. Watu wengi husema kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, yule mwanazuoni mashuhuri wa bahari. Wanahistoria wengi wa siku hizi hawakubali. Maandishi ya Wareno wenyewe yanamtaja rubani kama Mwislamu kutoka Gujarat, na jina wanalomwita, Malemo, si jina hasa bali ni cheo. Ni neno la Kiarabu muallim, ndugu wa neno letu "mwalimu". Basi tuliloachiwa kwa yakini ni hili: merikebu za Ureno zilivuka bahari zikiongozwa na mwalimu.

Tarehe 24 Aprili wakatweka matanga kutoka Malindi. Tarehe 18 Mei wakaona milima ya Bara Hindi, na tarehe 20 wakatia nanga karibu na Calicut. Umbali wa moja kwa moja ni kama kilomita 4,200. Siku ni 24. Gawanya: kilomita 175 kwa siku, ama kama 7.3 kwa saa, usiku na mchana. Huo ni mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, ila bahari hailali.

Sasa tazama safari ya kurudi. Waliondoka kisiwa cha Anjediva, pwani ya Bara Hindi, tarehe 5 Oktoba 1498. Wakaiona pwani ya Afrika, karibu na Mogadishu, tarehe 2 Januari 1499. Hizo ni siku 89. Umbali wa moja kwa moja ni kama kilomita 3,400, yaani ni mfupi kuliko ule wa kwenda. Gawanya tena: kilomita 38 kwa siku, ama 1.6 kwa saa. Mtoto mdogo anayejikokota kwenda chuoni asubuhi aipita merikebu hiyo. Njiani watu kama 30 walikufa kwa kiseyeye, na waliobaki walikuwa wachache mno kuendesha vyombo. Walipofika Malindi tarehe 7 Januari walikuwa hoi.

Je, merikebu zilezile zimepata uzembe gani? Hazikupata uzembe. Jibu liko katika upande. Mwisho wa Aprili upepo wa kusi unaanza, unavuma kutoka kusini-magharibi, na mwenye kwenda Bara Hindi anasukumwa mgongoni. Kaskazi, ambayo ndiyo humleta mtu Afrika, hutulia vizuri kuanzia Desemba. Oktoba ni wakati wa tanga mbili: kusi imekwisha, kaskazi haijashika. Upepo hufa siku kadhaa, halafu huvuma kutoka kule unakotaka kwenda. Chombo hakiwezi kwenda moja kwa moja, kinalazimika kwenda mshazari huku na huku, kinasukumwa nyuma, kinangoja. Njia walioipita ilikuwa ndefu kuliko zile kilomita 3,400. Ile 1.6 kwa saa si kasi ya merikebu majini. Ni ule umbali wa moja kwa moja uliogawanywa kwa siku zote zile za kuhangaika.

Nahodha yeyote wa jahazi wa pwani hii angemwambia da Gama asitoke mwezi ule. Hakuwa na fomula kwenye karatasi, lakini maswali manne alikuwa nayo kichwani: natoka wapi, upepo waelekea wapi, utadumu siku ngapi, na lini utabadilika. Aliyeyapuuza alilipa kwa roho za watu.

ISBA NA ZAM

Na ubaharia huo haukuwa wa kukisia. Turudi kwa Ibn Majid, ambaye hahitaji kuwa rubani wa da Gama ndio awe mtu mkubwa. Alitoka Julfar, eneo ambalo leo ni Ras al-Khaimah katika Falme za Kiarabu. Kiasi cha mwaka 1490, mnamo 895 Hijria, aliandika kitabu cha elimu ya bahari kiitwacho Kitab al-Fawaid.

Mabaharia wa zama zake walipima urefu wa nyota juu ya upeo wa bahari kwa isba, yaani kidole. Walikuwa na kibao kidogo cha mti chenye uzi wa mafundo. Uzi ulishikwa kwa meno, kibao kikanyooshwa mbele ya jicho mpaka ukingo wake wa chini uguse bahari na wa juu uguse nyota. Katika hesabu ya Ibn Majid duara zima lina isba 224. Na muda wa safari ulihesabiwa kwa zam. Zam moja ni saa tatu, kwa hiyo mchana na usiku ni zam nane.

Sikiliza sasa jambo tamu. Zam, ambayo ni muda, walikuja kuitumia pia kama umbali. Walisema: ukielekea kaskazini mpaka nyota ya Jaa ipande isba moja, umekwenda zam nane. Kwa nini iwezekane kugeuza muda kuwa umbali? Kwa sababu walikisia kasi moja ya wastani isiyobadilika. Wewe pia hufanya hivyo unaposema "kwetu ni mwendo wa saa moja kwa miguu". Umetaja muda, lakini msikilizaji ameelewa umbali, kwa kuwa nyote mnajua kasi ya mtu anayetembea. Hiyo ndiyo ile fomula ya kwanza ya kitabuni: umbali ni kasi mara muda. Uliitumia kabla hujajua kusoma.

Tuipime. Duara la dunia ni kama kilomita 40,000. Gawanya kwa isba 224, utapata karibu kilomita 178 kwa isba moja. Hizo ndizo zam nane, yaani saa 24. Gawanya tena kwa 24: kilomita 7.4 kwa saa. Linganisha na hesabu yetu ya Malindi hadi Calicut: 7.3. Vipimo vyote viwili ni vya kukadiria, kwa hivyo tusijidai kwamba vimelingana kwa unywele. Lakini unaona kwamba watu hawa walijua chombo chao chaenda kiasi gani.

KITU KINACHOANGUKA

Kufikia hapa tumetumia kasi isiyobadilika, ama wastani wake. Swali la nne, kasi ikibadilika je, ndilo lililowahangaisha wanadamu kwa karne nyingi. Hapa inabidi tuondoke pwani kidogo twende kwa wanafalsafa.

Aristotle wa Ugiriki alifundisha kwamba kitu kizito huanguka haraka kuliko chepesi kwa kadiri ya uzito wake, na kwamba jiwe lililorushwa huendelea kwenda kwa sababu hewa inalisukuma. Katika karne ya 6 mwanazuoni Mkristo wa Iskandaria, ambaye Waarabu walimwita Yahya an-Nahwi, alipinga. Alisema angusha vitu viwili ambavyo kimoja kina uzito mara nyingi wa kingine, utaona tofauti ya muda ni ndogo sana. Vitabu vilivyobishana juu ya mambo haya vikaingia katika Kiarabu, na Waislamu wakaendeleza mjadala.

Ibn Sina, aliyefariki 1037, 428 Hijria, alisema kwamba mrushaji hukipa kitu kile hali aliyoiita mayl, yaani mwelekeo wa kuendelea kwenda. Mayl hiyo haiishi yenyewe, huondolewa na kizuizi kama hewa. Kama pangekuwa na mahali patupu kabisa, kitu kilichorushwa hakingesimama. Ibn al-Haytham, wa zama hizohizo, alipoeleza jinsi nuru inavyorudi kutoka kwenye kioo, alitoa mfano wa tufe linalorushwa likagonga na kuruka, akaugawa mwendo wake sehemu mbili: mmoja wa kuelekea kwenye kioo na mmoja wa kwenda sambamba nacho. Mwanafunzi wa leo anayegawa mwendo wa mpira kuwa wa juu-chini na wa mbele anafanya kazi ya aina hiyohiyo. Na katika karne ya 12 Abul-Barakat al-Baghdadi, katika Kitab al-Mutabar, alieleza kwa nini kitu kinachoanguka huzidi kasi: nguvu inayokivuta haiachi kukiongezea mayl mpya juu ya ile ya kwanza.

Sasa, ndugu yangu, hapa pana mtego na nataka tuuruke. Wapo wanaosema kwenye mihadhara, "Ibn Sina ndiye aliyegundua sheria za Newton, wazungu wakaiba." Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa kuuliza isnadi: nani amesema, kamsikia nani? Basi tuitumie kanuni hiyo hata pale inapotupunguzia sifa. Ibn Sina hakuandika sheria za Newton. Hoja yake ya mahali patupu aliitoa ili aonyeshe kwamba utupu hauwezi kuwepo! Na Abul-Barakat alieleza sababu kwa maneno, hakutoa hesabu ya kasi inazidi kiasi gani kwa kila sekunde. Kuwapa wasichofanya ni kuwadhulumu, maana tunaacha kuwasoma kwa walichofanya. Walichofanya ni kuuliza swali la nne kwa ujasiri, mbele ya jina kubwa kama la Aristotle.

Hesabu yenyewe ilikuja hatua kwa hatua. Katika karne ya 14 wanazuoni wa Chuo cha Merton, Oxford, waligundua kanuni nzuri: kitu kikizidi kasi sawasawa, umbali wake ni sawa na wa kitu kilichokwenda kwa kasi ya katikati, kati ya ile ya mwanzo na ile ya mwisho, kwa muda uleule. Kisha Galileo wa Italia akabiringisha tufe la shaba kwenye mfereji wa ubao ulioinamishwa, ili mwendo uwe wa polepole aweze kuupima. Saa nzuri hakuwa nayo. Alipima muda kwa kupima uzito wa maji yaliyochuruzika kutoka kwenye chombo. Akakuta kwamba katika vipindi sawa vya muda umbali huongezeka kwa hesabu ya 1, 3, 5, 7. Aliyachapisha haya 1638. Newton alitoa kitabu chake cha sheria za mwendo 1687.

Tuyajaribu kwa nazi. Nazi imekatika kwenye mnazi mrefu wa mita 20. Tuache hewa, haina athari kubwa hapa. Kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka karibu mita 10 kwa sekunde katika kila sekunde moja. Uongezekaji huo ndio uitwao mchapuko. Mwanzo kasi ni sufuri. Baada ya sekunde moja ni 10. Baada ya mbili ni 20. Sasa tumia kanuni ya Merton. Sekunde ya kwanza kasi ya katikati ni 5, kwa hiyo imeanguka mita 5. Sekunde ya pili imeanza na 10 ikaisha na 20, ya katikati ni 15, imeanguka mita 15. Tano na kumi na tano ni 20. Nazi imefika chini kwa sekunde mbili. Na tazama: 5 kwa 15 ni 1 kwa 3, zile hesabu za Galileo. Inagonga ardhi kwa mita 20 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 72 kwa saa. Ndio maana hakuna mzee wa pwani anayekuruhusu ulale chini ya mnazi.

Umeona? Hatukuandika hata herufi moja ya fomula, na tumelijibu swali la mtihani.

ROKETI ZA NGOMENI

Turudi nyumbani kwa swali la kwanza, unapima kutoka wapi. Kaskazini ya mji wa Malindi, baharini karibu na Ngomeni, kuna majukwaa ya chuma ambayo Waitaliano waliyasimamisha miaka ya 1960 chini ya Luigi Broglio. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ikarushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka mbinguni. Kwa ajili ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Setilaiti ya mwisho kutoka majukwaa hayo ilirushwa 1988.

Kwa nini watu watoke Italia na roketi ya Kimarekani waje Ngomeni? Sababu kubwa ni hesabu ya mwendo. Wewe uliyekaa Malindi ukisubiri adhana ya magharibi wadhani umetulia. Ukipima kutoka ardhini, kweli umetulia. Lakini dunia hujizungusha, na duara lake hapa karibu na ikweta ni kilomita 40,000 kwa saa 24. Gawanya: karibu kilomita 1,670 kwa saa, kuelekea mashariki. Roketi iliyosimama kwenye jukwaa tayari ina kasi hiyo kabla haijawashwa, kama vile mtu aliye ndani ya basi alivyo na kasi ya basi. Setilaiti ya karibu na dunia yahitaji karibu kilomita 7.8 kwa sekunde, na mzunguko wa dunia wampa mrushaji wa Ngomeni kama 0.46 bure, karibu sehemu moja katika 17. Anayerusha mbali na ikweta hupata kidogo zaidi ya hapo chini, kwa kuwa duara lake ni dogo. Na mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu, mabaki ya roketi hayamwangukii mtu.

Kwa hiyo kusi iliyomsukuma da Gama na mzunguko wa dunia ulioisukuma Uhuru ni masomo mawili ya mlango mmoja: jua kwanza unachopewa na mahali ulipo.

HESABU YA KUWAHI FUTARI

Nilikuahidi jambo linalokuhusu hata wewe usiye mwanafunzi. Ni hili. Jioni za Ramadhani, dakika chache kabla ya magharibi, barabarani kila mtu ana haraka. Matatu, bodaboda, magari ya nyumbani, wote wanawahi futari. Tufanye hesabu ya breki.

Dereva anaona mtoto ameingia barabarani. Tuseme inamchukua sekunde moja kabla mguu haujakanyaga breki, na mwenye njaa na usingizi anaweza kuchukua zaidi. Kisha breki zinapunguza kasi kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ambao ni mita 11 kwa sekunde, gari litakwenda mita 11 kabla ya breki kushika. Baada ya hapo, sekunde 2.2 hadi lisimame, kwa kasi ya katikati ya 5.5: mita 12. Jumla ni mita 23.

Sasa ongeza mwendo mara mbili, kilomita 80 kwa saa. Mita 22 kabla ya breki. Kisha sekunde 4.4 kwa kasi ya katikati ya 11: kama mita 49. Jumla ni mita 71. Kasi imezidi mara mbili tu, lakini umbali wa breki umezidi mara nne, kwa sababu kasi ya katikati imezidi mara mbili na muda nao umezidi mara mbili. Mtoto aliyekuwa mita 30 mbele, yule wa kwanza amesimama akampungia mkono. Huyu wa pili hajaanza hata kupunguza vizuri.

Na amepata nini? Kwa kilomita 5 za mwisho, anayekwenda kwa 40 atumia dakika saba na nusu. Anayekwenda kwa 80 atumia dakika tatu na robo tatu. Tofauti haifiki dakika nne. Tende haitaoza kwa dakika nne. Mama, mwambie mwanao anayeendesha bodaboda maneno haya. Baba, jiambie mwenyewe.

Basi tulipoanza tuliuliza wenyewe wa fizikia ni kina nani. Umewaona: Mgiriki aliyekosea, Mkristo wa Iskandaria, Waislamu wa Bukhara, Basra na Baghdad, Waingereza, Mwitaliano mwenye ndoo ya maji, mwalimu wa Gujarat aliyesimama kwenye sitaha, na nahodha wa jahazi asiyejua kuandika jina lake. Mlango huu haukuwahi kuwa wa kabila moja. Yeyote aliyeuliza vizuri aliingia.

Nakuachia swali moja la kufanya na wadogo zako baada ya tarawehe. Bodaboda moja imetoka Jilore kwenda Malindi kwa kilomita 30 kwa saa. Nyingine imetoka Malindi kuja Jilore kwa kilomita 50 kwa saa, wakati uleule, njia ileile ya kilomita 20. Zitakutana baada ya dakika ngapi, na umbali gani kutoka Jilore? Usitafute fomula. Chora mstari, andika Jilore huku na Malindi kule, kisha uliza yale maswali manne.